Rhodes kwa Jicho la Mtu wa Bandari

Kisiwa cha Rhodes, huko Ugiriki, kilinifikia kwa njia ya kontena. Mteja wetu mmoja, mzee mwenye duka Kariakoo, alikuwa ameagiza vigae, na meli iliyobeba mzigo wake ikashika moto njiani. Vigae havikuguswa. Hata hivyo, kabla hajakabidhiwa kontena lake, alitakiwa aweke dhamana ya fedha ili achangie gharama za kuivuta meli hadi bandarini, na pia hasara ya wale ambao mali zao zililoweshwa na maji ya kuzimia moto. Alikuja ofisini kwetu Kurasini amefura. "Mwanangu, mimi nimemkosea nani? Mzigo wangu mzima, nilipie vya watu?"

Kazi yangu ni uwakala wa forodha, kwa hiyo kumweleza lilikuwa jukumu langu. Nikamwambia kanuni hii ina zaidi ya miaka elfu mbili. Vitabu vya sheria za Warumi vilivyokusanywa kwa amri ya mfalme Justinian katika karne ya 6 vinaitaja kuwa sheria ya watu wa Rhodes: mali ikitupwa baharini ili kuinusuru meli, kilichotolewa kwa ajili ya wote kifidiwe kwa mchango wa wote. Leo utaratibu wake umo katika Kanuni za York-Antwerp, na mwaka 2021, meli ya Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez, mmiliki wake aliitangazia hasara ya pamoja kwa msingi huohuo. Mzee akanyamaza, akanywa chai yake, akasema, "Basi hao watu walikuwa na akili." Akalipa.

Toka siku hiyo nikawa na hamu ya kwenda kuona hao watu ni wa wapi.

Nilikwenda na shangazi yangu. Amestaafu ualimu, alifundisha historia sekondari huko Temeke hadi alipopewa saa ya ukutani na kanga, akaagwa. Yeye alikuwa na sababu yake. Baba yake, yaani babu yangu, alitoka Kilwa Kivinje akaenda kutafuta kazi Kilosa, kwenye shamba la mkonge la Mgiriki, kabla ya Uhuru. Shangazi amekua akisikia habari za Mgiriki: hasira zake, gari lake, mbwa wake, mkate aliowagawia watoto wakati wa Pasaka yao. Nilipomwuliza kama atapenda twende wote, hakufikiri. "Nataka nione kwao. Wao kwetu walishapaona."

Viza ya Schengen inataka subira: taarifa za benki, barua ya mwajiri, nafasi ya hoteli, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Anzeni mapema, hilo ndilo la kusema. Tulisafiri mwisho wa Septemba kupitia Istanbul hadi Athens, na kutoka Athens ni ndege ya saa moja tu. Wenye muda wanaweza kupanda meli bandari ya Piraeus na kulala humo usiku mzima.

Tulipanga chumba ndani ya kuta za mji wa kale, na kwa hilo sina majuto hata kidogo. Magari mengi hayaruhusiwi kuingia, vichochoro vimesakafiwa kwa vijiwe vya baharini vilivyosimamishwa wima, na unaburuta begi huku likirukaruka mpaka mlangoni. Usiku wageni wa meli za kitalii wakishaondoka, unabaki na paka, harufu ya yasmini, na televisheni inayosikika nyuma ya dirisha la mtu.

Asubuhi ya kwanza nilimpeleka shangazi Mandraki, bandari ndogo ya zamani. Kuna vinu vitatu vya upepo juu ya ukuta wa mawimbi, na mlangoni pa bandari nguzo mbili zenye sanamu za paa, dume na jike. Tukakaa kwenye benchi. Tulirudi pale adhuhuri, tukarudi jioni, na shangazi, ambaye ni mtoto wa pwani, akaona jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha watalii.

"Hii bahari haipwi?"

Haipwi. Mediterania inaungana na Atlantiki kwa mlango mwembamba wa Gibraltar, na kupwa na kujaa kwake sehemu nyingi ni kwa sentimita tu. Kwetu wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maisha yote ya pwani yamefungwa hapo: mashua za Feri, akina mama wanaookota chaza, jahazi linaloegeshwa mchangani likapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, meli kubwa zinazosubiri maji yajae ndipo ziingie mlangoni. Rhodes nahodha alikuwa huru kuingia saa yoyote upepo ukimruhusu. Nilipolielewa hilo, nikaanza kuelewa kwa nini kisiwa hiki kilitajirika. Kiko kwenye kona kati ya Ugiriki, Anatolia, Shamu na Misri. Pwani ya Uturuki unaiona kwa macho. Na bandari zake hazingoji maji.

Miji mitatu ya kisiwa, Lindos, Ialysos na Kamiros, iliungana mwaka 408 KK ikajenga mji mmoja mpya kwenye ncha ya kaskazini, wenye mitaa iliyonyooka na bandari kadhaa. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 305 KK, mfalme Demetrius akaja kuuzingira kwa mitambo mikubwa ya vita. Mwaka mmoja ukapita, akashindwa, akaondoka na kuacha mitambo yake. Watu wa Rhodes wakaiuza, na kwa fedha hizo wakasimamisha sanamu ya shaba ya Helios, mungu wao wa jua, yenye urefu wa takriban mita 33. Fundi wake alikuwa Chares wa Lindos. Ilisimama hadi tetemeko la mwaka 226 KK, ikavunjika magotini, na kwa karne nyingi ikabaki imelala hapo; mwandishi Mrumi Pliny anasema ni watu wachache walioweza kulikumbatia dole gumba lake. Zile picha zinazoonyesha sanamu imetanua miguu na meli zinapita katikati ni ubunifu wa wachoraji wa baadaye. Mahali hasa iliposimama hapajulikani.

Lakini mimi kilichonikaa moyoni ni ushuru. Rhodes iliishi kwa ushuru wa bandari. Roma ilipokasirishwa nayo, haikutuma jeshi. Mwaka 166 KK au karibu na hapo, ilikifanya kisiwa cha Delos kuwa bandari huru isiyotoza ushuru, na meli zikahamia huko. Mwanahistoria Polybius ameandika hesabu: mapato ya bandari ya Rhodes yalishuka kutoka drakma milioni moja hadi 150,000. Niliisoma hiyo nikiwa nimekaa ukutani pale Mandraki, nikawafikiria wote tunaokula kwa bandari, kuanzia mkurugenzi hadi mama anayeuza chapati geti la Kurasini, na ushindani wa Mombasa na Beira tunaousikia kila mwaka. Wao hawakupigwa hata mshale. Mzigo ulipita pengine, basi.

Sasa mji wenyewe wa kale. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliuingiza katika orodha yake mwaka 1988, miaka 12 kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zake zina mzunguko wa kilomita kama 4, na nje ya kuta kuna handaki pana, kavu, ambalo unaweza kutembea ndani yake bure. Tulitembea humo asubuhi moja, kuta zimetuinukia pande zote mbili, na chini kumetapakaa mawe ya duara yaliyorushwa na mizinga. Mengine hayafiki hata magotini, mengine mtu mzima hawezi kuyanyanyua.

Waliojenga kuta hizi jinsi zilivyo leo ni watawa-askari wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliofukuzwa Nchi Takatifu wakakiteka kisiwa hiki na kukitawala kuanzia 1309 hadi 1522. Shangazi alipoiona hiyo miaka kwenye kibao, akaanza kuhesabu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji wetu kwa uzuri. Wakati huo watawa hawa walikuwa na miaka kama ishirini hapa. Wareno wakaivamia Kilwa mwaka 1505. Sultani Suleiman wa Waturuki akaichukua Rhodes mwishoni mwa 1522 baada ya kuizingira kwa miezi. "Miaka 17 tu kati yake," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Nilifundisha Kilwa miaka yote ile, hakuna aliyeniambia niiweke pamoja na hii. Bahari mbili, karne moja."

Mtaa wa watawa hao, Odos Ippoton, bado upo, umenyooka, wa mawe matupu, na pembeni zake ni nyumba walizokaa kwa makundi ya lugha zao: Wafaransa, Waitalia, Wahispania, watu wa Provence. Chini ya mtaa ni hospitali yao, iliyokamilika mwaka 1489, ambayo sasa ni jumba la makumbusho ya kale. Ukumbi wa wagonjwa uko juu, mrefu, wa mawe na nguzo, na ni chumba nilichokipenda kuliko vyote. Kasri la Mkuu wa Shirika lililo juu ya mtaa ni la kuvutia, lakini jueni mnachotazama: baruti iliyohifadhiwa karibu yake ililipuka mwaka 1856, na Waitalia, waliokitawala kisiwa kuanzia 1912, ndio walioliinua upya kabla tu ya vita kuu ya pili na kulisakafia kwa michoro ya vijiwe iliyotolewa kisiwa cha Kos. Ningemshauri mwenye muda mfupi aende hospitali kwanza.

Waturuki walipoingia, Wagiriki waliamriwa wahame kutoka ndani ya kuta wakaishi nje. Mchana waliruhusiwa kuingia kufanya kazi na biashara. Jua likizama, watoke. Ikawa hivyo kwa karne nyingi. Ndani wakabaki Waislamu na Wayahudi. Hii ndiyo sababu unapotembea humo, mtu wa pwani yetu, unajikuta unapasoma bila kufundishwa: misikiti yenye kuba, hamamu, chemchemi ya kutawadha, roshani za mbao juu ya kichochoro, maktaba ya Kiislamu ya Hafiz Ahmed Agha iliyoanzishwa karne ya 18, na vibaraza vya mawe ambapo wazee wamekaa. Msikiti wa Suleiman, wenye rangi ya waridi iliyopauka, tuliukuta umefungwa. Wa Ibrahim Pasha unasaliwa. Shangazi aliswali humo adhuhuri, na walipotoka, mwanamke mmoja mwenye asili ya Kituruki akamshika mkono, wakasalimiana kwa Kiarabu cha salamu, kingine wakamalizia kwa tabasamu. Jamii yao ipo hadi leo kwa sababu Rhodes ilikuwa chini ya Italia mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu wao. Ule uhamisho haukuwagusa.

Wayahudi ndio karibu wote hawapo.

Mtaa wao uko upande wa mashariki, karibu na bandari. Wengi walikuwa wazao wa waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na walikuwa bado wanazungumza Kihispania chao cha kale. Sinagogi yao, Kahal Shalom, ni ya mwaka 1577, ya zamani kuliko zote zinazotumika Ugiriki. Sakafu yake ni ya vijiwe vyeusi na vyeupe, na pembeni kuna makumbusho madogo yaliyojaa picha za familia, maharusi, watoto wa shule waliopangwa mistari. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya, zaidi ya watu 1,600, wakawapakia mashua hadi Piraeus, na kutoka huko kwa treni hadi Auschwitz. Waliosalimika ni kama 150. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwatetea waliokuwa na uhusiano na uraia wa Kituruki, wengine kwa kuinyoosha sheria mwenyewe, na akaokoa zaidi ya 40.

Shangazi alimwuliza mhudumu pale: "Waliondokea gati lipi?" Yule dada akatoka nasi mlangoni akanyoosha mkono kuelekea bandarini, mwendo wa dakika chache.

Tulikwenda. Kulikuwa na meli ya kitalii imefunga, watu wanashuka na kofia zao. Sisi ni watu wa Kilwa Kivinje. Kwetu pia watu waliletwa kutoka bara, kutoka Nyasa, wakapangwa ufukweni, wakapakiwa majahazini, na wapo wazee waliosimuliwa na bibi zao. Mimi kazi yangu kila siku ni kugonga mihuri ya vitu vinavyopakiwa na kupakuliwa. Nilisimama hapo gatini na sikuwa na la kusema, na shangazi akasoma Fatiha kwa sauti ya chini.

Ndiyo maana ninapoulizwa kama Rhodes inapendeza, nasema ndiyo, inapendeza sana, na mawe yake yametunzwa kuliko ya miji mingi. Lakini mawe yalibaki na watu wakabadilishwa, tena si mara moja. Hapa Dar es Salaam sisi tumefanya kinyume: watu tupo palepale Posta na Kisutu, na nyumba za zamani zinaanguka moja baada ya nyingine kupisha maghorofa. Boma la Kale la Sultan Majid pale Sokoine Drive limebaki na wenzake wachache wa kuhesabika. Ningependa siku moja tuwe na vyote viwili.

Lindos ni kilomita kama 50 kusini, kwa basi la KTEL linaloanzia karibu na Soko Jipya. Nyumba nyeupe zimekumbatia mlima, na juu yake, mita 116 kutoka baharini, kuna hekalu la Athena ndani ya ngome ya watawa. Punda wanabeba watalii kupanda. Tulipanda kwa miguu, polepole, shangazi akipumzika kila penye kivuli. Nakuombeni mkifika karibu na ngazi ndefu za ngome, kabla hamjakimbilia hekalu, simameni. Ubavuni mwa jabali kumechongwa tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya meli ya kivita, ukubwa wa kutosha kupanda, kazi ya karne ya 2 KK. Mbao zake, kasia la usukani, kiti cha nahodha, vyote unaviona. Watu walikuwa wanaipita wakitafuta sehemu ya kupiga picha. Mimi nilikaa hapo mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Mchongaji yule aliijua meli. Mistari ya ubao inapindwa pale inapopaswa kupindwa, kama mafundi wa Kilwa wanavyoipinda.

Chini yake ni Ghuba ya Mtakatifu Paulo, duara dogo la maji ya buluu lililozungukwa na miamba. Matendo ya Mitume, sura ya 21, inasema Paulo alipita Rhodes akienda Yerusalemu; kwamba alishukia ghuba hii ni simulizi ya wenyeji.

Kuhusu fukwe, elewa upepo. Majira ya joto unavuma meltemi kutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo upande wa magharibi una mawimbi na wa mashariki umetulia. Ufukwe wa Elli, mjini, ni wa kokoto, nenda na kandambili. Uliotufaa sisi ni Tsambika, mchanga mwororo chini ya mlima wenye kanisa dogo la Bikira Maria kileleni, ambako wanawake wanaotafuta mtoto hupanda kwa miguu kuomba. Maji yana chumvi kuliko yetu, yanakunyanyua. Shangazi aliingia na dera lake na kilemba chake, akaelea, na hakuna aliyemkodolea macho.

Siku tuliyokwenda kusini zaidi, hadi Kiotari, tulipita kwenye vilima vya miti myeusi. Ni moto wa Julai 2023, uliowahamisha watu kama 19,000, wengine kwa boti kutoka fukweni. Mwenye mgahawa tulikokula alitueleza jinsi walivyowalaza wageni kwenye shule na majumbani mwao.

Chakula: agizeni pitaroudia, ambazo ni bagia za dengu zilizotiwa nyanya, kitunguu na nanaa, na mkipata mtu wa kuwapa melekouni, ufuta na asali na lozi, chakula cha harusi zao, pokeeni kwa mikono miwili. Pweza wao hukaushwa juani kwanza kisha huchomwa, na shangazi alikubali kuwa wanajua. Waislamu wenzangu, ulizeni kabla ya mishikaki, mingi ni nguruwe.

Mei na mwisho wa Septemba ni nyakati nzuri. Julai na Agosti kuna joto kali na umati. Lala ndani ya kuta. Sinagogi na makumbusho yake hufungwa Jumamosi, kwa hiyo kama umepanga siku chache tu, hakikisha Jumamosi umeipa Lindos.